Risiti ya Mwavuli

Kibanda changu kiko chini ya ngazi, Mtaa wa Narung'ombe,
kati ya muuza vioo vya simu na fundi saa
ambaye siku hizi hana saa za kutengeneza.
Nauza nyimbo. Mia mbili wimbo mmoja,
kumi kwa elfu moja na mia tano, na kadi uje nayo mwenyewe.

Za sasa sizigusi.
Mmoja wa vijana hao alinijia na wakili na kaka zake wawili;
wakili ndiye aliyekuwa mpole.
Mimi ni wa zilizokufa:
santuri zilizopindwa na jua la dirishani,
kanda zilizoota ukungu kabatini,
bendi ambazo ukumbi wao sasa ni duka la vigae.

Sheria naijua. Nilisomewa siku ile ile.
Hakimiliki haizikwi na mtunzi,
inakaa eda miaka hamsini baada ya matanga.
Sawa. Ila mwenye mali nimtafute wapi?
Niliandika barua kwa sanduku la posta lililo kwenye lebo.
Ilirudi baada ya miezi minne
imegongwa muhuri: HAJULIKANI.
Nikasema basi, asiyejulikana haibiwi.
Nikauza.

Unaotoka sana ni "Nirudishie Mwavuli",
Gerezani Usiku Jazz, upande wa pili wa santuri.
Mwanamume anamdai jirani mwavuli aliomwazima masika ya mwaka juzi,
na wingu ndilo hilo limesimama.
Dakika ya tatu gitaa linachoka kudai,
linaanza kunyesha.
Santuri yangu ina mkwaruzo papo hapo,
tk, tk, tk.
Wateja wamezoea. Wanadhani ni matone.

Jumanne moja akaja mama, miwani imefungwa kwa uzi,
akafungua fundo la khanga, akaweka sarafu mbili mezani.
"Unao ule wa mwavuli?"
Nikampigia. Akausikiliza wima, kama yuko benki.
Kwenye tk ya tatu akainua kidole.
"Hapo. Hapo aliniita jina."

Sikuelewa.
"Pazi. Gitaa lilipokuwa linashuka aliita, Chausiku!
Mwenye studio alitaka kulifuta, akakataa.
Wewe umelifuta bila kumuuliza mtu."

Santuri yao waliiuza, wakanunulia saruji.
Nikazisukuma sarafu upande wake.
Akazirudisha.
Mia mbili ikawa inatembea juu ya meza,
hakuna anayeitaka.

"Alilipwa shilingi sitini na soda," akasema,
"akatia dole gumba kwenye karatasi aliyosomewa mbio mbio.
Miaka arobaini sijaona mahali
palipoandikwa kwamba wimbo huu umeuzwa.
Niandikie risiti."

Risiti! Kariakoo nzima, chini ya ngazi gani?
Fundi saa akanipa kitabu chake,
kurasa za juu zimeshageuka rangi ya chai.
Nikaandika tarehe. Wimbo, mmoja.
Imepokelewa kutoka kwa:
nikaandika, herufi kubwa, CHAUSIKU,
nikakandamiza kalamu hadi ikatokea karatasi ya tatu.

Akaikunja mara nne, akaifunga pale zilipotoka sarafu.
Za wengine wote niliowauzia hakuniuliza.
Nilikuwa nimeshaandaa jibu; mpaka leo ninalo, halijatumika.

Mteja akiniuliza siku hizi, hiyo tk tk ni nini,
namwambia ni mtu anaitwa.
Bado nauza.