Friza ya Bi Mwajabu

Aliniita nipige picha friza yake, auze.
"Ionekane nyeupe," alisema, "na kifuniko kifunge."
Mimi ni mpiga picha wa pasipoti, Tandika;
nimezoea nyuso zilizoambiwa zisicheke.

Nikainua kifuniko.
Baridi ikanishika kidevu kama mtu aliyenifananisha.
Pembeni, mpira ulipochanika,
barafu ilikuwa imeota, ndiyo, imeota,
majani juu ya majani, mishipa ndani ya majani,
mnazi mdogo kuliko ukucha
na hakuna aliyeupanda.
Chini, maji yaliyovuja yakaganda
yalikuwa ziwa.
Ziwa zima, upana wa sinia mbili,
mapovu yamesimama katikati ya kupanda,
na ukwaju wa Ramadhani ya mwaka juzi,
mfuko uliopasuka, kahawia yake imetanda kama moshi
ikakatishwa njiani.

Nikapiga.
Lenzi ikaota ukungu; nikafuta kwa shati, nikapiga.
Mgongo unachuruzika jasho, vidole vimekufa ganzi.
Nimesikia ziko nchi ambako watu
hutembea juu ya maziwa mwezi wa kwanza,
na kamera zao, wakiinama hivi hivi.
Wao wana miezi.
Mimi nilikuwa na LUKU ya Bi Mwajabu, uniti nne.

"Wewe, unapiga nini humo?"
"Maua."
Akachungulia. Akakaa hapo, kichwa ndani,
muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
"Miaka tisa nayakwangua haya kwa kisu," alisema,
"nikiyatukana."

Kisha mota ikanyamaza.
Mtaa mzima ukatoa ule mguno wetu.
Uniti zilikuwepo; umeme ndio haukuwepo.
Mnazi ulilegea kwanza. Ziwa likalia,
ta, kama kifungo kinachokatika,
na povu moja, baada ya kungoja miaka miwili,
likafika juu.

Hilo sikulipiga.

Friza ilichukuliwa na kijana wa Mbagala, kwa bei ya hasara.
Maji tuliyachota kwa kopo, tukamwagia mchicha.
Picha aliyoitaka ilitoka vizuri: nyeupe, kifuniko kimefunga.
Katika zile nyingine nilimsafishia moja, saizi ya pasipoti,
ndiyo karatasi niliyokuwa nayo.
Anaiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.
Akiulizwa ni wapi huko,
"Uani kwangu," husema. "Karibu na karo."