Hata Akivaa Suti

Kibanda changu kipo Wete, nyuma ya soko.
Meza moja, taa ya kichwani, bisibisi saba,
na mswaki wa meno wa kusugulia kutu.
Simu za kisiwa hiki hufa kwa chumvi.
Nyengine hufia ndani ya ndoo,
nyengine mfukoni mwa suruali iliyokwisha fuliwa.

Nimeziona zote, na utupu wake.
Sauti ya mume aliyeko Maskati, analia.
Madeni ya mwalimu.
Talaka iliyoandikwa kwa herufi ndogo ndogo.
Simu ikiwaka tu, naigeuza kifudifudi,
kioo kitazame ubao.
Marehemu Fundi Hamad Ngwali alinifunza hivyo
kabla hajanifunza kuyeyusha risasi:
“Umeitiwa betri. Betri, basi.”

Leo asubuhi wamekuja wawili.
Hawakuleta simu mbovu.
Wameleta daftari jipya, bado linanuka gundi,
na nakala ya mswada, kurasa arubaini na moja,
jina lake Usalama.
Ukipita, wamesema, nitakuwa naandika
jina la mteja, namba yake, na kilichomo.
“Kilichomo wapi?”
“Simuni.”
Wakanywa soda zangu mbili, wakaniachia chupa.

Usalama wa nani, mabwana?
Juzi Mize Khatib amelia hapa hapa mezani,
kaibiwa laki tatu na sauti iliyojidai ya kampuni ya simu.
Nikenda naye kituoni.
Tukaambiwa gari haina mafuta.
Lakini Shaame, yule kijana wa Jadida,
aliandika mistari miwili tu,
kwamba maji ya kisima cha skuli yananuka,
na fedha za pampu, je, zimenywewa na nani?
Usiku ule ule gari ikapata mafuta.

Mswada haujapita, na tayari unatafuna.

Nao husema: kama huna ubaya, unaficha nini?
Mbona vyoo vyenu vina milango?
Mbona barua ya posa hutiwa bahashani,
na ilhali posa si dhambi?
Mimi sifichi. Nnastiri.
Kuficha na kustiri si mamoja;
lugha yetu iliyatenga maneno hayo
kabla waya wa kwanza haujafika Pemba.

Bi Time binti Faki, mshonaji wa Bopwe,
alikuwa benchini akingojea simu yake iliyolazwa kwenye mchele.
Aliyasikia yote. Hakutia neno.
Nilipomkabidhi, kabla hajanilipa,
akawapelekea wenzake wa kikoba beti hii:

    Nyumba ina kizingiti, mgeni hubisha hodi,
    Awe na cheo na kiti, awe na gari na kadi,
    Mswada na masharuti, umeirarua jadi,
    Aso hodi ni mwizi tu, hata akivaa suti.

Kisha akauliza, “Ngapi, fundi?”
Nikamwambia nenda, umeshalipa.
Akaweka elfu mbili juu ya meza vivyo hivyo,
maana hapendi deni wala sifa.

Daftari nimelifungua adhuhuri.
Nimeandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni:
Mteja: mja wa Mungu.
Namba: anaijua mwenyewe.
Kilichomo: chumvi.

Wamesema watarudi Jumatatu.
Msinidhanie shujaa.
Nilipolifunga lile daftari mkono ulitetemeka,
skrubu moja, ndogo kama chawa, ikaniponyoka,
na mpaka saa hizi, adhana ya alasiri imeshapita,
nimepiga magoti sakafuni, naipapasa.
Simu ya watu haifungiki bila yake.