Kiganja Wazi

Siku ya kwanza nilimletea parachichi,
tunda la heshima kwetu Rungwe,
nimelinunua kwa bei ya kuumiza pale Kirkby Stephen.
Bi Allonby akanidaka mkono juu ya ukuta wa mawe:
"Hilo lamuua, mwanangu. Kula mwenyewe."
Nikalila nimesimama mvuani, Jethro akinitazama.

Tangu hapo najifunza jikoni kwake.
Karoti ipasuliwe kwa urefu, vijiti,
maana vipande vya duara hukwama kooni.
Tofaa litolewe mbegu. Pichi, kokwa kando.
Kitunguu, kabichi, kiazi, nyanya: hata asinuse.
Na utamu uwe kidogo tu;
kwato zake ziliwahi kuwaka moto majira ya nyasi mbichi,
akawa anatembea kama aliyekanyaga vigae.

Lakini ganda la tikiti, lile tunalowatupia mbuzi,
analitafuna macho kayafumba nusu,
maji yakimchuruzika kidevuni.
Na ganda la ndizi! Nilicheka peke yangu:
kumbe kuna mtu huku anayekula nisichokula mimi.

Jana Bi Allonby hakutoka. Nyonga.
Alinipa beseni dirishani, hakulikagua.
Nikapanda mteremko, nikanyoosha kiganja,
vidole vimebanana, gumba limelala,
kama alivyonifundisha.
Midomo ile, laini kama ndewe ya mtoto,
ikaokota kijiti kimoja kimoja,
kisha ikabaki pale, juu ya mkono mtupu,
ikipumua.