Matone Matatu

Kwenye lebo tunda letu ni la kumi na tisa.
Maji ndiyo ya kwanza. Kisha gliserini, kisha majina
marefu kama treni ya mizigo ya Reggio,
na huko nyuma kabisa, mkiani,
bergamoti: robo ya asilimia.

Bibi Nunziata anavaa miwani, anasoma kwa kidole.
"Maji," anasema. "Ersilia, mnauza maji."
Anageuza kikopo, anatafuta bei, anaiona,
anakirudisha mezani taratibu, kama yai la watu.

Ile robo niliiandika mimi.
Kazi yangu, huko Milano, ni kuyatenga mafuta na jua.
Ganda la bergamoti lina kitu kinachovizia mwanga:
jipake yakiwa mabichi, utoke mchana,
ngozi itaungua bila kupiga kelele
na doa litakaa.
Tunakichuja, tunapima, tunachuja tena
mpaka mashine iseme hakuna.
Ndipo tunaandika kifunikoni: *kwa ngozi zote*.

Bibi hakuwa na mashine. Alikuwa na sponji,
kijiko chenye makali, beseni la udongo.
Desemba hadi Machi, tangu saa nane za usiku,
wanawake kumi na wawili ghalani kwa don Fortunato:
kata tunda, komba nyama,
kandamiza ganda kwenye sponji, zungusha, kandamiza,
sponji ikishiba, kamua.
Kapu zima kwa kikombe kimoja.
Na wakati wa kutoka, don Fortunato mlangoni
anapekua mifuko, ananusa mikono,
kana kwamba mikono ile
ingeweza kunukia kingine.

Lakini sikuja kwa hayo. Nimekuja kwa ajili ya doa
lililo shingoni mwake, chini ya sikio la kushoto:
rangi ya kahawa, jembamba,
limechuruzika hadi kwenye mtulinga.
Utotoni niliambiwa amezaliwa nalo.
"Wiki nane," namwambia. "Asubuhi na jioni. Imejaribiwa."

Anacheka hadi miwani inateleza.
"Kuzaliwa nalo! Mama yako naye.
Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Nilikata kipande cha sponji, punje ya njegere,
nikakisukia ndani ya nywele.
Alininusa mikono, alininusa hadi kwapa.
Nywele hakunusa.
Jumapili nikakikamulia hapa. Matone matatu.
Nikashinda ufukweni bila kitambaa."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya nani! Kwa ajili ya shingo."

Jumanne pakawa pekundu. Alhamisi, malengelenge.
Don Fortunato hakuuliza swali; biashara yake aliijua,
alijua kitu gani huchora ngozi namna ile.
Akakata siku tisa kwenye malipo.

"Siku tisa," bibi anasema, akiligusa kwa ncha ya kidole
kama mtu anayehakikisha funguo bado zipo.
"Kwa hiyo nililipa. Nililipa kuliko yeyote
anayenunua hiki kikopo chako.
Hili si doa, binti. Ni risiti."

Kisha anafungua krimu, anachota, ananusa, anakunja uso,
anavua soksi.
Anaipaka kisiginoni, polepole, hadi kwenye nyufa.
"Hiki," anasema, "hakijawahi kuiba kitu."

Jumatatu, maabara. Kile tunachokichuja
kimetuama chini ya chupa, unga mweupe,
kidogo, kama chumvi iliyosahauliwa mezani.
Fomu ina mstari wake: *Uchafu. Uzito. Sahihi.*
Nikaandika uzito.
Dirishani jua la Milano, hafifu, lilikuwa limefika
hadi ukingo wa meza.
Nilikaa na kalamu mkononi
muda mrefu kuliko fomu ilivyohitaji.