Ruhusa Unayo

Dundee, saa nane usiku, Februari.
Chini ya ofisi za mfuko wa pensheni
kompyuta kuu inanguruma kama jokofu la bucha,
nami nahesabu wageni walioondoka
ambao mwenyeji bado anawatengea chai.

Kituo 0417: hai.
Kituo 0418: hai.
Bi Jessamine Auchterlonie wa malipo, 0422,
alifunga dirisha lake Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo,
akavaa koti, akapanda treni ya Arbroath.
Nilimuuliza kwa simu. “Nilitoka,” akasema,
“kwani ulitaka nitoke mara ngapi?”
Lakini kwenye skrini ya kijani bado ameketi,
siku ya kumi na moja.
Na kwetu, ya tatu ni jembe.

Nafasi ni mia mbili hamsini na tano, basi.
Jumatatu makarani wanabisha hodi,
mashine inawajibu: pamejaa.
Pamejaa nani? Makoti matupu.

Murdo Petrie, miaka thelathini na nne na mashine hii,
anakunywa supu kwenye kifuniko cha chupa.
Zima, washa, anasema.
Tumezima, tumewasha, mara tatu tangu Krismasi.
Kubomoa nyumba ili mgeni atoke.

Nikachapisha mazungumzo ya laini, baiti kwa baiti,
kurasa mia na arobaini,
nikazipitia kwa kalamu nyekundu
kama nilivyosahihisha insha za darasa la sita, zamani,
na saa tisa na robo nikaiona.

Programu yetu inaaga. Inaaga vizuri kabisa:
naomba ruhusa.
Kisha inabamiza mlango na kukata waya.
Kompyuta kuu inajibu, ruhusa unayo,
inaujibu mlango,
na kwa kuwa hakuna aliyelipokea
inabaki na jibu lake mkononi, inangoja.
Inangoja bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi natoka kwa watu wasiojua kukata simu.
Shangazi Mwanaidi, Tabora: haya basi. Haya.
Wasalimie. Haya. Na hiyo baridi, unavaa soksi? Haya mwanangu.
Dakika kumi baada ya kwaheri ya kwanza
ndipo hutoa habari aliyopigia.
Murdo aliwahi kuniuliza kwa nini simu zangu zina mikia.

Nikaandika mstari mmoja: ngoja jibu, sekunde mbili, ndipo ufunge.
“Sekunde mbili ni nyingi,” akasema.
Nikamwambia kwetu hiyo ni karibu tusi.

Wale wa zamani niliwatoa kwa mkono, mmoja mmoja.
Ruhusa unayo, Bi Jessamine.
Kisha tukajaribu mara arobaini:
thelathini na tisa wakaaga, wakajibiwa, wakaenda.
Mmoja, 0431, kabaki. Sijui kwa nini.

Saa kumi na mbili, nje bado giza na mvua ya upande.
Miezi yote hii Murdo huondoka kama moshi,
nainua macho, kiti kitupu.
Leo kasimama mlangoni na chupa yake.
Moja. Mbili.
“Haya,” akasema, kwa ulimi wa Fife.
“Haya,” nikamjibu.
Mlango ukafungwa taratibu,
nikarudi kwa 0431.