Kata Pua

Ilianza kama mafua ya upande mmoja.
Tundu la kulia likaziba, la kushoto likavumilia.
Nikaendelea kukata mkonge, Ngomeni,
nikipangusa pua kwa kiganja kile kile
kilichofukua majani yaliyooza.

Mwezi wa tatu uvimbe ukahamia shavuni.
Hauukuma, na hilo ndilo lililoniponza:
kisichouma mtu hukipa ugali, akalala nacho.
Duka la dawa likanipa vidonge, mara nne, rangi nne.
Shemeji akanipa jina la jirani: Bi Mwanamvua.
Mdomo wa juu ukajaa, nikanywa uji kwa mrija,
na karani wa malipo akashika kitambulisho changu,
akatazama picha, akanitazama, akarudi kwenye picha.
"Kihiyo mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya ile pua.

Bombo, Dokta Shemdoe hakusema saratani,
hakusema si saratani. Aliminya. Kugumu kama kisigino.
"Nitakata kipande, punje ya mtama tu."
Nikamwambia wahenga walishapitisha:
kata pua uunge wajihi.
"Wahenga," akasema, "hawakuwa na hadubini."

Kipande cha kwanza hakikusema kitu.
Cha pili kilikwenda Dar ndani ya kichupa,
siku ishirini na sita,
kikarudi na jina refu
ambalo hata yeye alilisoma kwa vituo.
Ni fangasi.
Kama wa miguuni?
Binamu wa mbali. Makao yake majani yanayooza.
Hana kisasi, hajui jina lako,
amepotea njia tu.

Amepotea njia!
Na mimi tangu Machi sijamwamkia Bi Mwanamvua.

Matone ndani ya maziwa, asubuhi, mchana, usiku,
ladha ya msumari ulionyonywa.
Yakanitoa chunusi za ujana, na miaka yangu arobaini na mitatu.
Na vidonge ambavyo bei yake niliihesabu kwa mbuzi.
Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya.
Wa tatu, Mwanahija akainua taa:
"Naliona tena lile jicho lako."

Nilipiga hodi kwa jirani.
Shikamoo. Marahaba.
Akaendelea kupepeta mchele.

Mwezi wa saba, juu ya baiskeli,
karibu na mashine ya kusinga,
ukanipiga: uvundo wa makapi ya mkonge,
ule tulioulaani tangu utoto.
Nikashuka.
Nikavuta kwa tundu la kulia.
Nikavuta tena.