Mshono wa Pindo

Wiki ya tatu Pindo ananguruma
kila nikitia mkono kumwekea sukuma.
Leo ameniuma kidole cha shahada,
kile kinachoongoza kitambaa chini ya sindano.
Nasema: mnyama huyu ameota kiburi.
Mghoi, binti yangu, anasema: Baba, anaogopa.
Tunabishana. Cherehani imenyamaza.

Hadithini sungura ana maneno kuliko wakili.
Huyu wetu, ghorofa ya nne, Pangani,
hana hata neno.
Ana mguu wa nyuma.
Saa nane za usiku anapiga sakafu, du!
na jirani wa chini anajibu kwa mpini wa ufagio, du! du!
kana kwamba wameanza kuandikiana barua.
Ana kidevu, anakisugua kwenye kila kitu:
meza, mkasi wangu, kopo la vifungo,
viatu vya wateja waliokuja kupimwa.
Changu, changu, changu.
Mghoi ndiye mkalimani.

Kisha asubuhi moja namkuta
amejaza mdomo vipande vya kitenge,
mabaki ya gauni la bibi harusi wa Ngara,
anavibeba pembeni, anavipanga.
Halafu anajinyonyoa.
Manyoya ya kifua chake mwenyewe,
konzi kwa konzi, anatandika.
Hajawahi kukutana na dume.
Kitanda cha nani, Pindo?
Siku nne anakaa mlangoni pake
akililinda shimo tupu.

Nikamwondolea hatia ya kidole.

Daktari Jerotich alimpapasa tumbo polepole,
akasema jike akiachwa hivihivi,
mji wake wa mimba humgeuka uzeeni.
Tuutoe angali kijana.
Nikauliza, alale na njaa, kama mtu wa hospitali?
Akacheka: La, mlishe hadi mlangoni pangu.
Sungura hawezi kutapika,
na utumbo wake ukisimama
naye husimama.

Ngazini nikapishana na Gathecha, nimekumbatia kapu.
"Elfu tisa? Kumpasua kitoweo?"
Akashuka vidato viwili, akageuka:
"Na kumnyima uzazi, je, si dhambi?"
Nikamwambia suruali yake iko tayari,
aje na salio.

Usiku. Pindo juu ya gazeti,
macho nusu, masikio baridi.
Hataki nyasi. Hataki giligilani,
yeye ambaye kwa giligilani angeuza ukoo.
Anasaga meno, si kwa raha;
Mghoi anajua tofauti, mimi najifunza.
Nikamwinua kidogo niitazame kazi.
Tumbo limenyolewa, ngozi ya waridi,
na mshono, jamani, mshono!
Si bandi za harakaharaka.
Uzi umezama ndani, fundo halionekani.
Miaka ishirini na sita nashona,
sijawahi kushona kitu kinachopumua.

Saa tano. Saa saba.
Tunangoja nini? Tunangoja mavi.
Fundi mzima na mwanafunzi wa kidato cha pili,
taa inawaka, tumeinamia gazeti
kama watu wanaotafuta jina lao kwenye matokeo.
Saa tisa na robo likaja donge moja,
dogo, duara, kama pilipili manga.
Kisha la pili.
Mghoi akapiga kigelegele,
na ufagio wa chini ukajibu.

Mwezi wa pili sasa.
Bado anapiga mguu honi ya lori ikilia.
Bado kila kiatu ni chake.
Lakini mkono wangu unaingia na kutoka salama,
na jioni hujibwaga ubavu, pwa!
(mara ya kwanza nililia, nikidhani amekufa)
akanyoosha miguu kama mwenye nyumba.
Jana kipande cha kitenge kilianguka mbele yake.
Akakinusa. Akakipaka kidevu. Akapita.

Manyoya yale sijayatupa.
Yamo ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa.
Mghoi ameyaona, hajauliza,
nami sijui ningemjibu nini.